Uvimbe juu ya figo ya mama: roboti au matundu?

Asalaam alaykum madaktari wa safu hii,

Nawaandikia kuhusu mama yetu. Ana miaka 54, tunaishi Unguja. Kwa miaka mitatu anatibiwa presha isiyotulia: leo 130, kesho inaruka hadi 210. Ikiruka, kichwa kinamgonga, jasho linamtoka chapachapa, moyo unamwenda mbio na uso unampauka. Baada ya dakika 15 au 20 anakuwa mzima kama si yeye. Tulidhani ni mambo ya kukoma hedhi, na wapo jamaa waliosema ni shetani.

Mwezi uliopita alipigwa siti skani Dar es Salaam, ukaonekana uvimbe wa sentimita 4.2 kwenye tezi ya adrenali, ile inayokaa juu ya figo, upande wa kulia. Akapimwa mkojo wa saa 24, metanefrini, yaani mabaki ya homoni za tezi hiyo, zikatoka zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu cha kawaida. Daktari amesema ni feokromositoma na dawa yake ni kuitoa tezi. Atapasuliwa kwa matundu madogo huko huko Dar, wiki tatu kutoka leo.

Mama mdogo yuko Maskati. Yeye na wanawe wamechanga fedha, wanataka mama apelekwe India akapasuliwe kwa roboti. Anasema mkono wa roboti hautetemeki, damu haimwagiki, na hayo matundu ni mambo ya zamani. Hospitali waliyoiandikia huko imetupa bei mbili, na ile ya roboti inakaribia mara mbili ya ile ya matundu.

Mama anatumia amlodipini miligramu 10 na atenololi miligramu 50. Chumvi ameiacha kabisa, anafunga Jumatatu na Alhamisi kama kawaida yake, na kiuno kikimuuma kuna bibi huja kumkanda. Alijifungua kwa upasuaji mara mbili. Si mnene, ana kilo 66.

Njia ipi ni salama zaidi kwake? Nikisema abaki Dar, naogopa nitaonekana namnyima mama kilicho bora.

Binti mkubwa, Unguja

*

Wa alaykum salaam, dada.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo ni la haraka kuliko hilo uliloliuliza, nalo ni atenololi. Mpigieni daktari wake leo, msingoje siku ya kulazwa. Feokromositoma inamwaga adrenalini na noradrenalini kwenye damu. Homoni hizo zinashika mahali kwingi mwilini: kuna vipokezi vinavyoibana mishipa ya damu, viitwavyo alfa, na kuna vingine, viitwavyo beta, vinavyoharakisha moyo na pia kuilegeza baadhi ya mishipa. Atenololi inaziba beta peke yake. Alfa zikibaki wazi, mishipa inaendelea kubanwa, na moyo uliopunguzwa nguvu unasukuma damu kwenye njia zilizofungwa. Presha inaweza kupanda ghafla hadi kupasua mshipa wa ubongo, au maji yakajaa kwenye mapafu. Utaratibu ni kuziba alfa kwanza, na beta ifuate siku tatu au nne baadaye ikiwa moyo bado unakwenda mbio. Lakini usimwachishe atenololi wewe mwenyewe kwa ghafla, maana hilo nalo lina madhara yake kwenye moyo. Mwambie daktari maneno haya: "Mama ana feokromositoma, anatumia atenololi, na hajaanza kizuia alfa." Ataelewa mara moja. Amlodipini haina ugomvi, inaweza kuendelea.

Kizuia alfa kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni doksazosini. Kwa kawaida huanza kwa miligramu 1 au 2 kwa siku, kisha daktari huongeza kidogo kidogo kwa kufuata presha. Inahitajika siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji, na kwa presha inayoruka kama ya mama, hizo 14 ni bora. Wiki tatu mlizopewa zinatosha kabisa, ila zinatosha ikiwa dawa inaanza sasa. Tarehe ya kisu bila tarehe ya kuanza doksazosini ni nusu ya mpango. Mpime presha asubuhi na jioni, mara moja akiwa ameketi na mara ya pili baada ya kusimama, mkaandike daftarini. Mnalenga chini ya 130 kwa 80 akiketi, na ile ya juu isishuke chini ya 90 akisimama.

Sasa chumvi. Kila mwenye presha ameambiwa aikimbie, na mama ametii. Kwa ugonjwa huu, akishaanza doksazosini, ushauri unageuka. Mishipa yake imebanwa kwa muda mrefu, kwa hiyo mwili umepunguza maji ya damu ili yaenee kwenye nafasi iliyobaki. Dawa ikiilegeza mishipa, nafasi inaongezeka na damu haitoshi kuijaza. Atasimama aone kiwi, aanguke. Ndiyo maana siku kadhaa baada ya kuanza dawa atatakiwa ale chumvi ya kutosha na anywe maji mengi, isipokuwa kama moyo au figo zake zina hitilafu. Ile funga ya sunna aiahirishe mpaka apone. Na bibi mkandaji asimguse kiunoni wala tumboni: kuuminya uvimbe huu ni kama kukamua sifongo lililojaa adrenalini.

Pua itaziba. Hiyo ni kawaida ya doksazosini na ni dalili kwamba inafanya kazi. Tunalisema kwa sababu mtu mwenye pua iliyoziba huenda duka la dawa akapewa vidonge vya mafua, na vingi vina sudoefedrini, ambayo kwa mama ni hatari. Vivyo hivyo akitapika: asipewe metoklopramaidi, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la Plasil, kwani inaweza kuuchokoza uvimbe umwage homoni kwa mkupuo. Mwandikieni kwenye karatasi aibebe ndani ya mkoba. Na akitokea mtu kupendekeza uvimbe uchomwe sindano ili kinyama kipelekwe maabara, kataeni. Vipimo vya mkojo vimeshajibu.

Tukifika kwenye swali lako, lazima tukuonyeshe kinachofanyika mle ndani, kwa sababu ndiko jibu liliko.

Mama atalazwa ubavu wa kushoto, kitanda kikikunjwa kidogo ili nafasi kati ya mbavu na nyonga ifunguke. Chini ya mbavu za kulia watatoboa matundu manne, ya milimita 5 hadi 12. Tumbo litajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa mgandamizo wa milimita 10 hadi 15 za zebaki. Ini linakatwa utando unaolishikilia, linainuliwa juu, na chini yake unaonekana mshipa mkuu unaorudisha damu kwenye moyo, vena kava, mpana na wenye ukuta laini. Tezi imejibana kati ya mshipa huo, figo na ini. Rangi yake ni manjano iliyokolea, tofauti na mafuta yanayoizunguka.

Kazi yote inazunguka mshipa mmoja, ule unaotoa damu kwenye tezi. Upande wa kushoto ni mrefu kiasi na unaingia kwenye mshipa wa figo. Upande wa kulia, alikougulia mama, ni mfupi, mara nyingi hata sentimita 1 haufiki, na unaingia moja kwa moja kwenye vena kava, kwa nyuma kidogo. Ukivutwa vibaya unachanika pale pale ulipochipukia, na hapo ni vena kava yenyewe inayovuja. Mpasuaji anauzungushia chombo polepole, anaweka klipu mbili upande wa vena kava na moja upande wa tezi, anakata katikati. Kabla ya kubana anamwambia daktari wa usingizi kwa sauti. Mpaka hapo presha ilikuwa ikiruka kila tezi inapoguswa; ikishabanwa, homoni zinakatika na presha inaporomoka ndani ya dakika chache. Tezi hutiwa kwenye mfuko wa plastiki ikiwa humo humo tumboni, halafu hutolewa kwa tundu lililopanuliwa kidogo, ili isipasuke na kumwaga chembe zake ndani.

Hatua hizo hazibadiliki, iwe kwa matundu ya kawaida au kwa roboti. Roboti nayo inaingia kwa matundu, kwa mashine zilizo nyingi ya milimita 8, na hewa ni ile ile. Wala haipasui yenyewe. Mpasuaji anaketi pembeni kwenye mtambo, anatazama ndani kwa miwani inayoonyesha kina na kukuza picha hadi mara 10, na vidole vyake vinaendesha mikono ya mashine. Ni kweli mtetemeko wa mkono unachujwa, mama mdogo hakukosea. Tofauti kubwa zaidi ni kifundo: chombo cha matundu ya kawaida ni kirefu na kimenyooka, wakati cha roboti kinapinda mwishoni kama kifundo cha mkono wa mtu.

Kifundo hicho kinalipa sana pale panapohitaji kushona mahali pa kina na pembamba, kama wanapounganisha upya njia ya mkojo baada ya kutoa tezi dume. Kutoa adrenali hakuna mshono wa ndani. Ni kutenganisha, kubana, kukata. Kwa hiyo uwezo mkubwa wa mashine hapa unakaa bila kazi kubwa ya kufanya, na tunaamini hiyo ndiyo sababu matokeo ya njia hizi mbili yanafanana.

Na yanafanana kweli. Upasuaji wa adrenali kwa matundu ulitangazwa mwaka 1992 na Michel Gagner na wenzake wa Montreal, na huo ndio uliobadilisha maisha ya wagonjwa hawa, kwa kuwaondolea mkato mrefu wa tumbo na siku nyingi za wodini. Kutoka matundu kwenda roboti hakukuwa na mruko wa namna hiyo. Mwaka 2004 wapasuaji wa Turin, Italia, waliwagawa wagonjwa 20 kwa kura. Wa roboti walichukua muda mrefu zaidi na gharama ilikuwa juu. Walikuwa wachache na mashine zilikuwa za awali, basi tusiuegemee utafiti huo peke yake. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti 9 na wagonjwa 600 haukuona tofauti katika madhara wala katika idadi ya waliolazimika kufunguliwa tumbo. Damu ilipungua kwa wastani wa mililita 18, yaani chini ya vijiko vinne vya chai, na muda wa kulazwa ukapungua kwa chini ya nusu siku. Hiyo ndiyo damu "isiyomwagika" anayoisema mama mdogo. Hakuna mgonjwa anayeuhisi upungufu wa vijiko vinne.

Upo pia upande ambao roboti inakuwa nzito. Tuseme ule mshipa mfupi umechanika. Katika matundu ya kawaida mpasuaji amesimama kando ya mgonjwa, amevaa glavu, chombo kiko mkononi: anabana kwa kitambaa, anapandisha hewa kidogo, na ikibidi anafungua tumbo hapo hapo. Katika roboti yeye ameketi mbali, mikono haijaandaliwa, na mashine imeegeshwa juu ya mgonjwa. Lazima wenzake waitoe mikono yake kwanza, naye anawe na kuvaa. Timu iliyozoea hufanya hivyo haraka. Isiyozoea hupoteza dakika ambazo mgonjwa hana. Kwa hiyo anayesimama pembeni ya kitanda wakati wa roboti ana uzito sawa na anayeketi kwenye mtambo. Kingine, mashine nyingi hazimpi mpasuaji hisia ya mguso: hajui amevuta kwa nguvu kiasi gani, anakisia kwa macho.

Kuna wagonjwa ambao tungewaambia roboti inafaa kufikiriwa. Mnene sana, ambaye kuta nene za tumbo zinazishika fimbo za matundu zisigeuke. Mwenye uvimbe mkubwa unaokaribia sentimita 6 au kupita. Na hasa mwenye ugonjwa wa kurithi unaoshambulia tezi zote mbili, ambapo inabidi kumega uvimbe na kubakiza kipande cha tezi ili asiishi kwa vidonge vya steroidi maisha yake yote. Mama hayumo katika hao. Uvimbe wake ni wa sentimita 4.2, uko upande mmoja, ana kilo 66. Makovu ya uzazi yako chini ya kitovu, mbali na ini, na hayatoi sababu ya kubadilisha njia. Angekuwa amewahi kupasuliwa ini au figo ya kulia tungeitaja njia ya mgongoni, iliyoenezwa na Martin Walz wa Essen, Ujerumani: mgonjwa analala kifudifudi na tumbo haliguswi kabisa.

Kinachotofautisha usalama kwa mama ni mkono wa mtu na mazoea ya timu. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu wapasuaji wa adrenali ulionyesha madhara yanapungua kwa wanaofanya angalau upasuaji 6 wa tezi hii kwa mwaka, na kwamba wengi wa wapasuaji waliochunguzwa walikuwa wakifanya 1 tu. Basi muulizeni wa Dar, muulizeni na wa India, maswali yale yale: adrenali ngapi kwa mwaka jana, na ngapi kati yake zilikuwa feokromositoma? Wangapi iliwabidi kufungua tumbo, na kwa nini? Atakayekuwa daktari wa usingizi amewahi kushughulikia uvimbe huu? Ni haki yenu kuuliza, na mpasuaji mzuri hatakasirika. Kwa roboti ongezeni: nani anasimama pembeni ya kitanda, na mnafanya mazoezi ya kuitoa mashine kwa dharura?

Daktari wa usingizi tunamtaja kwa makusudi. Anatakiwa amwekee mama mrija mwembamba kwenye ateri ya mkono kabla ya nusu kaputi, ili presha isomeke kwa kila pigo la moyo. Awe na dawa ya kuishusha inayofanya kazi kwa sekunde. Magnesi pia husaidia, ile ile wanayopewa wajawazito wenye kifafa cha mimba. Na pembeni iwepo noradrenalini tayari kwenye pampu, ya kuipandisha pale klipu itakapobana. Kitanda cha uangalizi maalumu kiwe kimetengwa kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Ikiwa wa Dar atajibu vizuri, sisi tungembakisha Dar, kwa matundu. Ikiwa hajafanya tezi hizi za kutosha, safari ina maana, lakini mfuateni mpasuaji mzoefu hata kama atatumia matundu kwa ile bei ndogo. Kwa vyovyote asipande ndege kabla doksazosini haijamtuliza. Na mhesabu siku: baada ya upasuaji akae huko siku 10 hadi 14 kabla ya safari ndefu ya kurudi, asimame na kutembea ndani ya ndege ili damu isigande miguuni.

Fedha za mama mdogo zina kazi, mwambieni hivyo kwa shukrani. Zilipie nauli na malazi ya Dar kwa wiki zote hizi, mashine nzuri ya kupimia presha, na vipimo vya baadaye ambavyo familia nyingi huviacha kwa kukosa pesa.

Baada ya kisu, saa 24 hadi 48 za kwanza ndizo za kukesha. Presha inaweza kubaki chini, na sukari inaweza kushuka ghafla kwa sababu adrenalini iliyokuwa ikiizuia insulini imeondoka. Mgonjwa akizidi kusinzia msidhani ni usingizi wa dawa, ombeni apimwe sukari. Maumivu ya bega siku mbili za mwanzo yanatokana na ile hewa, yanapita. Wengi hutoka wodini siku ya pili hadi ya nne. Wiki 2 hadi 4 baadaye metanefrini zipimwe tena, na zikiwa za kawaida, ziendelee kupimwa kila mwaka, kwani uvimbe huu huweza kurudi miaka mingi baadaye.

Mwisho ni wewe na ndugu zako. Takriban mgonjwa 1 kati ya 3 wa feokromositoma amerithi kasoro inayouleta, na mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Mwombeni daktari kipimo cha vinasaba cha mama. Kama hakipatikani karibu, kila mmoja wenu apime presha sasa, na yeyote mwenye kichwa, jasho na moyo wa kwenda mbio vinavyokuja pamoja apimwe metanefrini asingoje miaka mitatu.